Daftari la Kompyuta na Sukari ya Munyaka

Sisi tuliosoma kompyuta kwa daftari tujuane kwanza. Nyinyi wa siku hizi mliopewa tableti mkiwa bado mnanyonya kidole, kaeni hapo kando msikilize, na msicheke kabla sijamaliza. Wakati tulipokuwa Fomu Foo, yaani kidato cha nne, katika shule moja ya kutwa ya wasichana upande wa Kapsoya, kompyuta zilikuwa chache na sisi tulikuwa darasa zima. Ilikuwa wasichana watatu kwa mashine moja, dakika arobaini, mara mbili kwa wiki, na hapo ni kama stima haijapotea. Mvua ya Eldoret mnaijua. Wingu likijikusanya tu, hata tone halijaanguka, taa zinazima, na wewe umebaki unaangalia skrini nyeusi yenye uso wako ndani.

Na hiyo lebu, chumba chetu cha kompyuta, haikuwa ya kuingia ovyo. Ulivua viatu mlangoni, kama unaingia mahali patakatifu, kwa sababu Mwalimu Barasa, mwalimu wetu wa kompyuta, alituambia vumbi huleta virusi. Hatukujua virusi vya kompyuta ni nini lakini tuliviogopa kuliko malaria. Kila mashine ilikuwa imeshonewa nguo yake ya kitambaa cha pazia, maua ya rangi ya machungwa, na somo likiisha uliivalisha vizuri kama mtoto anayepelekwa kanisani. Baridi ya sakafu ile ya simiti mwezi wa Julai ilikupanda kutoka kwenye nyayo hadi magotini. Waliokuwa na soksi zilizotoboka walitembea wakiwa wamekunja vidole. Mimi nilikuwa mmoja wao, na nilikunja vidole mpaka nikawa mtaalamu.

Kwa vile mashine hazikutosha, programu tuliziandika kwanza kwa mkono. Ndiyo, kwa mkono, kwa biro, kwenye daftari la kurasa tisini na sita, mstari kwa mstari, na mabano yake yote. Halafu siku ya lebu mmoja anasoma kwa sauti kutoka kwa daftari, mwingine anabonyeza. Nilikuwa nasoma, na Chebet, rafiki yangu wa dawati moja, alikuwa anabonyeza, maana vidole vyake vilikuwa vyepesi. Mwenzetu wa tatu alihama shule muhula wa kwanza, tukabaki wawili na mashine yetu, na wengine wakatuonea wivu.

Lakini wacha niwarudishe nyumbani kidogo, ndio muelewe mambo yalivyoharibika. Mimi ni mtoto wa Munyaka, mtaa wa hapa Eldoret. Baba alikuja Eldoret akiwa kijana kutoka Murang'a, akafungua duka dogo la kuuza sukari, majani ya chai, chumvi, misumari, mafuta ya taa na kila kitu ambacho mama wa nyumbani anaweza kukumbuka maji yakiwa tayari yamechemka. Sisi watoto tulicheza bano, zile gololi, mbele ya duka, tukacheza kati ya kukwepa mpira na brikicho ya kujificha mpaka mtu alipoitwa nyumbani kwa jina lake lote. Tulikula mahindi ya kuchoma yaliyotuachia meno meusi, na Jumapili tulisikia harufu ya chapati kutoka nyumba tatu kwa wakati mmoja. Nyinyi mnaoletewa chakula na bodaboda hamjui kusikia njaa kwa kutumia pua.

Enzi hizo sukari ilipimwa. Baba aliichota, akaiweka kwenye mizani, halafu akachukua karatasi, akaizungusha mara moja, ikawa koni. Karatasi zenyewe zilikuwa magazeti ya zamani na madaftari ya watoto waliomaliza shule. Ilikuwa kawaida kabisa kupeleka nyumbani chumvi iliyofungwa na hesabu za mtu, na alama zake nyekundu mkazisoma mkinywa chai. Mtoto wa jirani akipata mbili kwa kumi, mtaa mzima ulijua.

Mimi nilijifunzia kuchora kwenye karatasi hizo hizo. Nilikaa nyuma ya kaunta juu ya gunia, nikachora pembeni mwa magazeti, nikachora kwenye mifuko ya unga, nikachora wateja wakisubiri chenji. Nilikuwa na kopo la zamani la kakao lenye penseli zangu saba, zingine fupi mpaka unazishika kwa kucha. Hilo kopo lilikuwa mali yangu yote duniani. Nikichora nilikuwa sisikii kitu, hata ungeniita mara ngapi.

Baba hakuwa mkali. Kwanza nina jina la nyanya, mama yake mzazi, na kwetu hilo si jambo la mzaha. Aliniita "Mama" mbele ya watu wote, na hata akinigombeza alinigombeza kwa heshima, kama mtu anayemlalamikia mzazi wake. "Mama, kwa nini unanifanyia hivi?" Ungejaribu kubishana na maneno kama hayo? Kiboko kingekuwa afadhali.

Sasa, Fomu Foo ikaleta ile kazi kubwa ya mtihani, ambayo sote tuliiita projekti. Kila kikundi kilitakiwa kutengeneza programu ya maktaba: msichana akiazima kitabu, kompyuta inaandika jina lake, akirudisha, inalifuta. Rahisi, sivyo? Chebet na mimi tulijaza kurasa ishirini na nne. Kuazima kulienda vizuri sana. Ungeazima vitabu mia na kompyuta isilalamike. Lakini kurudisha, weh! Ukirudisha kitabu, mashine inaandika "Kitabu hakijarudi." Unarudisha tena. "Kitabu hakijarudi." Halafu inashikwa na wazimu, inaandika hivyo hivyo kutoka juu hadi chini, kitabu hakijarudi, kitabu hakijarudi, mpaka inakwama na inabidi uizime kwa kidole.

Tulihangaika na jambo hilo muhula mzima. Tulilinganisha skrini na daftari, mstari kwa mstari, nikisoma na Chebet akifuata kwa kidole, na kila mara vilifanana kabisa. Chebet alilia siku moja, mimi nikalia siku nyingine, tulikuwa tunapeana zamu. Mwalimu Barasa alipita nyuma yetu na mikono mgongoni akasema yale maneno yake: "Kompyuta haikosei. Rudini kwa daftari." Ningemwonyesha hilo daftari vizuri, lakini nilikuwa na sababu ya kulifunika kwa kiwiko.

Sababu ni kwamba nilikuwa nachora humo. Programu ikinikataa, mkono wangu ulihamia wenyewe pembeni mwa ukurasa, na kabla sijajua, pana ng'ombe wa jirani, pana Mama Akinyi, jirani mwingine, anavuka tope la Munyaka na mwavuli, pana fundi wa viatu na misumari mdomoni. Kichwa kilipoa. Nikirudi kwa programu nilikuwa mtu tena. Hiyo ndiyo dawa niliyokuwa nayo, na sikuona ubaya wake.

Mwalimu Barasa aliuona. Matokeo ya moki, ule mtihani wa majaribio, yalipotoka niliambiwa nije na mzazi. Baba alivaa koti lake la kanisani na kofia yake ya kahawia, akaketi kwenye kiti kidogo cha wanafunzi, akaambiwa binti yake ana akili lakini anachora sana, na kwamba projekti hiyo isipofanya kazi hatapita somo. Tulipofika dukani alichukua kopo langu la kakao, akapanda juu ya kreti, akaliweka rafu ya juu kabisa, nyuma ya taa za chemni zilizokosa mnunuzi.

"Mama," akaniambia, "hizi zitakaa hapo mpaka hiyo projekti iishe. Ikianguka, hazishuki tena. Na usichore tena hata mstari mmoja. Tumeelewana?"

Nikasema tumeelewana. Nilidanganya, Mungu anisamehe. Penseli zilikuwa juu, ndiyo, lakini biro ilibaki mkononi, na daftari la kompyuta lilikuwa mahali pekee ambapo baba hangenikagua. Nilizidisha hata. Kurasa ambazo hazikuwa na picha nilizirudia nikazipa.

Halafu wiki moja kabla ya kukabidhi kazi, virusi vikaja kweli. Havikuja na vumbi, vilikuja na flashi ya mtu iliyojaa nyimbo. Fundi wa kompyuta aliitwa kutoka mjini, akatazama, akatikisa kichwa, akazifuta mashine zote zikawa safi kama siku zilipozaliwa. Darasa zima lilipiga kelele. Chebet akanishika mkono akasema, "Si tuko na daftari?" Nikasema, tuko nalo. Tungebonyeza yote upya Jumatano, siku ya mwisho, na kama Mungu angetaka tungeliona kosa letu pia. Sisi wawili tulitembea wima siku hiyo.

Jumamosi iliyofuata nilienda masomo ya ziada asubuhi, na daftari nikaliacha nyumbani. Hapana, niseme ukweli: nililiacha kwenye kaunta ya duka, kwa sababu kabla sijaondoka nilikuwa namalizia picha ya baba, ile aliyosinzia juu ya mizani na kofia yake imemteremkia puani. Ulikuwa ukurasa wa kumi na nne, na nilipomchora mara ya kwanza, mwanzoni mwa muhula, sikuwa nimemaliza masharubu, ndio asubuhi hiyo nikamalizia. Kengele ya shule ilinikuta mbio barabarani na begi limekaa vibaya. Daftari halikuwa ndani yake.

Nilirudi saa saba mchana. Nikiwa bado mbali kidogo na duka nikapishana na bibi mmoja mzee amebeba koni ya sukari. Tukasalimiana. Nilikuwa nimeshampita hatua mbili hivi ubongo wangu ulipoamka: ile koni ina ng'ombe. Na yule ng'ombe ni wangu!

Nilikimbia. Baba alikuwa kaunta, ametulia, na mbele yake palikuwa na gamba la daftari langu, jalada tupu na nyaya mbili za stepla. Alinitazama kwa macho ya huzuni. "Mama," akasema, "tulielewana vipi mimi na wewe? Nimefungua hiki kitabu nikakuta ni picha, picha, picha. Kila ukurasa. Nimeona afadhali kisaidie watu."

"Baba, hiyo ndiyo projekti!"

"Projekti gani yenye ng'ombe?"

Nikamwonyesha jalada, jina langu na la Chebet, neno "Kompyuta" kwa herufi kubwa. Nikamweleza, nikilia kwa kwikwi, kwamba mashine zilifutwa, kwamba hakuna nakala nyingine, kwamba yale maandishi ya kutatanisha yaliyokuwa katikati ya picha ndiyo programu yenyewe. Baba alifuata kila neno. Akaketi kwenye gunia la sukari, akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Mnajua duka la baba? Halikuwahi kufungwa mchana. Halikufungwa nilipozaliwa, halikufungwa alipong'olewa jino. Ni Jumapili pekee, wakati wa ibada. Siku hiyo baba alisimama, akashusha mbao za dirisha moja moja, akatia kufuli mchana kweupe, mpaka mama wa maandazi aliyekuwa ng'ambo akauliza nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa," baba akajibu. "Nipe karatasi niliyokufungia majani ya chai."

Mama wa maandazi alikuwa bado nayo. Ilikuwa imeshaloa mafuta na ilikuwa na maandazi mawili ndani, kwa hiyo tulikula maandazi tukapata ukurasa wa tatu. Tukajipa moyo. Lakini kwa Mama Akinyi mambo yaligeuka. Mama Akinyi alikuwa muuguzi, watu wake ni wa upande wa ziwa, mwanamke mrefu asiyetikiswa na mtu. Tulimkuta amebandika ukurasa wa tisa ukutani, kwa uji wa unga, juu ya redio. Ulikuwa ule wa kwake na mwavuli.

"Hii siitoi," akasema. "Miaka yote nimekaa Munyaka hakuna mtu amewahi kunichora. Angalia hapo vile nimebeba mkoba! Kama ni maandishi unataka, kaa hapo unakili. Picha inabaki."

Nikakaa, nikanakili kutoka ukutani huku nimepewa chai. Baba alisimama nyuma yangu akiutazama ule ukuta. Alitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mama Akinyi akamwambia, "Mzee, kwani hukujua una fundi nyumbani?" Baba akakohoa tu.

Fundi wa viatu naye alikuwa ameuweka ukurasa wake kwenye kioo cha kibanda chake, wateja waone. Yeye alikubali kuurudisha kwa sharti moja: achorewe picha nyingine, kubwa zaidi, na safari hii atolewe misumari mdomoni, maana mkewe alikuwa amecheka. Mimi nikamtazama baba. Kuchora nilikuwa nimekatazwa, na kukatazwa kwenyewe ndiko kulikokuwa kumetufikisha hapo. Baba akamtazama fundi, akanitazama mimi, akatazama juu. Halafu akageuka akaondoka bila kuaga. Tulimwona akifungua kufuli ya duka, akaingia, na baada ya muda akatoka na vumbi kwenye mabega, na kopo la kakao mkononi.

"Mchoree haraka twende," akasema.

Sijawahi kuchora kama siku hiyo. Nilichora nikisimama, nilichora juu ya ndoo iliyopinduliwa, nilichora yule bibi wa koni yenye ng'ombe pamoja na ng'ombe wake halisi aliyekataa kutulia. Baba alishika kopo. Nikinyoosha mkono ananipa penseli, penseli ikivunjika anaichonga kwa kile kisu chake cha kukatia sabuni. Kufika jioni mtaa mzima ulijua kwamba ukiwa na karatasi yenye mabano na nukta unachorewa bure, na watu wakaanza kutuletea wenyewe. Wengine walileta hesabu za watoto wao wakijifanya hawajui tofauti. Kurasa mbili zilikuwa zimeshawasha jiko, lakini hizo Chebet alizikumbuka kwa kichwa, maana vidole vyake vilikuwa vimezibonyeza mara mia.

Ukurasa mmoja tu tuliukosa kabisa. Wa kumi na nne. Na ungekosekana ukurasa gani mwingine, jameni? Huo ndio uliokuwa na sehemu ya kurudisha vitabu, ile ile iliyotutesa muhula mzima. Tuliuliza nyumba kwa nyumba mpaka mwisho wa Munyaka, baba mbele na kofia yake, mimi nyuma. "Ukurasa wenye mimi nimelala," baba aliwaeleza watu kwa unyenyekevu, na watu waliangua kicheko, lakini hakuna aliyekuwa nao.

Jumapili baada ya kanisa Chebet alikuja kwetu kutoka Kapsoya, tukakaa mezani jikoni, tukaandika sehemu ile upya kutoka mwanzo. Hatukuwa na cha kunakili. Ilibidi tufikiri: msichana amerudisha kitabu, sasa nini kinafuata? Jumatano tukavua viatu, tukaivua mashine nguo, nikasoma, Chebet akabonyeza. Tukaazima kitabu kimoja. Tukakirudisha. Kitambo kikapita, halafu skrini ikaandika: "Kitabu kimerudi. Asante."

Chebet alinikumbatia mpaka kiti kikaanguka. Mwalimu Barasa akaja mbio akidhani tumevunja kitu. Alirudisha vitabu kumi yeye mwenyewe, mashine ikamshukuru mara kumi. "Mmefanya nini?" akauliza. Tukamwambia, "Hatujui, Mwalimu." Na kweli hatukujua. Tulipita. Kopo la kakao halikupanda tena kule juu, na tangu siku hiyo baba hakuwahi kufunga kitu kwa karatasi bila kuigeuza kwanza pande zote mbili.

Kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikiwahadithia watu kwamba michoro ndiyo iliyookoa programu yangu. Siku hizi hiyo ndiyo kazi inayonilisha: nawaandikia watu programu, na nikikwama naacha mashine nachora. Naishi mtaa wa Pioneer, nina mume, nina binti anayeitwa Wambui aliye shule ya upili. Hadithi hii ameisikia mpaka nikianza tu ananimalizia. "Mum, na wakabandika ukutani, najua, imeisha hiyo."

Mwezi uliopita baba aliamua kulifunga duka kabisa. Magoti yamechoka, na sukari yenyewe siku hizi inakuja imefungwa tayari kwa plastiki, hakuna cha kupima wala cha kuzungusha koni. Tulienda kumsaidia kutoa vitu. Wambui alikuwa akipiga picha mizani kwa simu, na mimi nikaiona ile kofia ya kahawia imetundikwa kwenye msumari, imekauka, ukingo umeliwa na mende. Nikaikung'uta. Ndani, chini ya ule utepe wa ngozi unaoshika kipaji cha uso, pakaanguka karatasi iliyokunjwa mara nne.

Nilimjua kabla sijaikunjua. Baba amelala juu ya mizani, kofia puani, masharubu yamekamilika. Ukurasa wa kumi na nne.

"Baba!" nikamwita. "Hii ilikuwa kwa kofia? Siku ile tukizunguka Munyaka nzima, ilikuwa kichwani kwako?"

Baba hakukana. Aliketi pale pale alipoketi siku ile, ila gunia sasa ni tupu. "Mama, ningesema nini?" akasema. "Asubuhi ile nilikuwa nararua kwa hasira. Nikafika kwa huyo mtu amelala. Nikajiona. Mkono ukakataa kuweka sukari hapo. Nikaificha. Halafu wewe unakuja unalia ni projekti. Sasa mimi niliyekukataza kuchora, nimekurarulia kitabu, nivue kofia niseme kuna moja nimeipenda nikaiweka? Niliona aibu. Nikasema moyoni, hawa watoto wana akili, wataiandika. Lakini usingizi sikupata mpaka siku uliyoniambia imefanya kazi."

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote mawili. Halafu, kwa mazoea ya kazi, nikaanza kusoma ile programu. Na hapo, ndugu zangu, ndipo kidole changu kilipokwama. Mstari wa sita, kitabu kinarudi kwenye rafu. Mstari wa saba ungekuwa wa kulifuta jina la msichana. Lakini mahali pa mstari wa saba pana kofia. Nilikuwa nimeichora kwanza, nikaipenda, nikaona nisiiharibu, nikaruka maandishi chini yake na mstari wenyewe nikausahau. Jina halikufutwa kamwe, ndio maana mashine ilikuwa ikidai kitabu mpaka inakwama. Na kila tulipolinganisha skrini na daftari vilifanana, kwa sababu kosa lilikuwa daftarini, limevaa kofia ya baba yangu.

"Baba," nikamwambia, "ungenipa karatasi hii siku ile, ningeinakili vile ilivyo. Ningeanguka."

Akafikiri kidogo. Halafu mzee huyu akanyoosha mgongo, akaitwaa kofia mkononi mwangu, akaivaa na mende wake. "Si unaona?" akasema. "Nilijua."

Tulicheka mpaka akashikwa na kikohozi, Wambui akaja mbio na maji. Nilimwonyesha ile karatasi. Akaigeuza, akashangaa kuona programu kwa biro, akauliza kwa nini hatukuseivu tu. Nikamwuliza zake anazihifadhi wapi. Akanyoosha kidole juu, hewani huko, akasema huko hazipotei hata simu ikianguka mtoni. Na kosa likiingia anaiuliza mashine yenyewe, inamrekebishia kabla chai haijapoa. Wambui naye huchora, kwa kidole, kwenye kioo, na mstari ukipinda unajinyoosha wenyewe. Picha zake ni nzuri. Sijawahi kuona moja ukutani kwa mtu.

Sisemi enzi zetu zilikuwa bora. Zilikuwa na baridi, soksi zangu zilikuwa na matundu, na kitabu kimoja kilitufanya tulie muhula mzima. Lakini nilipoikunja ile karatasi na kuirudisha mahali pake, chini ya utepe wa ngozi, baba akiwa ameinamisha kichwa ili niifikie kofia, nilimtazama binti yangu nikamwonea huruma kidogo. Kazi yake haiwezi kupotea. Hatajua kamwe ni nani angelifunga duka mchana kweupe aende kuitafuta.